Mchezo wa Kabadi: Sheria Zake na Namna ya Kuhesabu Pointi

Mtu anayeutazama mchezo wa kabadi kwa mara ya kwanza hushangaa. Hapana mpira, hapana goli, wala hapana fimbo ya kupigia. Huona mchezaji mmoja akiingia peke yake mbele ya watu saba wanaomngoja, huku akitamka neno moja mfululizo, "kabadi, kabadi, kabadi". Ghafula humgusa mmoja wao na kukimbilia kwake; au hukamatwa na kuangushwa chini kama katika mieleka. Kisha wachezaji wengine hutoka nje, na wengine waliokuwa wameketi huinuka na kurudi uwanjani. Mgeni hudhani kwamba hayo yote ni vurugu tupu.

Lakini si vurugu. Kabadi ni mchezo wa hesabu, na hesabu yenyewe yategemea jambo moja: katika mchezo huu pointi na mtu huenda pamoja. Timu ikipata pointi kwa kumtoa adui, hupata pia ruhusa ya kumrudisha mwenzao mmoja aliyetolewa. Mwenye kulishika jambo hilo ataufahamu mchezo wote.

ASILI YAKE

Kabadi ni mchezo wa kale wa Bara Hindi. Watamil huuita sadugudu, na katika Bangladesh ndio mchezo wa taifa. Mwaka 1936 vijana wa Kihindi waliuonyesha mjini Berlin wakati wa Michezo ya Olimpiki, na mwaka 1990 uliingizwa katika Michezo ya Asia iliyofanyika Beijing. Ziko namna mbalimbali za kuucheza. Huko Punjab, kwa mfano, huchezwa katika duara. Namna inayoelezwa hapa ni ile ya mashindano ya mataifa, yenye uwanja wa pembe nne.

UWANJA NA WACHEZAJI

Uwanja wa wanaume una urefu wa meta 13 na upana wa meta 10. Wa wanawake ni meta 12 kwa 8. Mstari wa katikati huugawa nusu mbili zilizo sawa, kila timu na nusu yake. Kila upande wa urefu hutengwa ukanda wenye upana wa meta moja, ambao una kazi yake maalum.

Katika kila nusu huchorwa mistari miwili mingine. Wa kwanza, ambao waweza kuitwa mstari wa sharti, uko meta 3.75 kutoka mstari wa katikati katika uwanja wa wanaume. Wa pili, mstari wa ziada, uko meta moja mbele yake, kuelekea mwisho wa uwanja.

Kila timu huwa na wachezaji 7 uwanjani, na wengine wa akiba hungoja nje. Wanaume wakubwa hucheza vipindi viwili vya dakika 20, wakipumzika dakika 5 katikati. Wala si mchezo wa majitu: sheria za mataifa huweka mwisho wa uzito kuwa kilo 85 kwa wanaume na kilo 75 kwa wanawake.

KAZI YA MVAMIZI

Timu hupokezana kuvamia. Zamu ikifika, timu hupeleka mtu mmoja tu katika nusu ya adui. Mvamizi huyo hana budi kuanza kutamka "kabadi" kabla ya kuuvuka mstari wa katikati, na kuendelea kulitamka kwa sauti ya kusikika na kwa pumzi moja mpaka arudi kwake. Pumzi ikikatika naye yungali katika nusu ya adui, ametoka. Zaidi ya hayo, muda wake wote ni sekunde 30.

Kazi yake ni kumgusa mlinzi mmoja au zaidi, kwa mkono, kwa mguu au kwa sehemu yoyote ya mwili, kisha kuufikia mstari wa katikati. Akiufikia hata kwa ncha ya kidole huku walinzi wamemlalia, amefika, na wote waliogusana naye wametoka. Lakini walinzi wakimshika na kumzuia mpaka pumzi yake au muda wake umekwisha, yeye ndiye aliyetoka.

Mvamizi aweza pia kurudi bila ya kumgusa mtu, mradi awe ameuvuka mstari wa sharti. Asipouvuka, wala asigusane na mlinzi ye yote, ametoka. Hata hivyo, timu haiwezi kuendelea hivyo bila ya mwisho. Ikivamia mara mbili mfululizo na kurudi mikono mitupu, uvamizi wa tatu ni wa kufa na kupona: mvamizi asipoleta pointi, hutoka, na adui hupewa pointi moja.

Anayekanyaga nje ya mpaka hutoka vilevile. Ule ukanda wa pembeni nao huhesabiwa kuwa ni nje mpaka mvamizi na mlinzi waguse miili yao. Wakigusana tu, ukanda hufunguka, na watu waweza kushindana ndani yake.

NAMNA YA KUHESABU POINTI

Kila mlinzi anayetolewa huipatia timu ya mvamizi pointi moja. Akiwagusa watatu na kufika kwake, ni pointi tatu. Mvamizi akikamatwa, walinzi hupata pointi moja, hata kama walimshika wote saba.

Ipo pia pointi ya ziada. Walinzi wakiwa 6 au 7 uwanjani, mvamizi anayeuvuka mstari wa ziada na kukanyaga mbele yake kwa mguu mmoja, huku mguu wa pili uko hewani, hupata pointi moja. Walinzi wakiwa wamepungua chini ya 6, pointi hiyo haipatikani.

Walinzi nao wanayo ziada yao. Wakibaki 3 au chini ya hapo, kisha wakafaulu kumkamata mvamizi, hupewa pointi 2 badala ya moja.

Mwisho ni lona. Timu ikitolewa watu wake wote saba, adui hupata pointi 2 zaidi ya zile za kuwatoa, na timu iliyokwisha hurudi uwanjani wote pamoja, mchezo ukaendelea.

Katika pointi hizi zote, zinazorudisha mtu ni zile za kumtoa adui tu: adui mmoja akitoka, mwenzao mmoja hurudi. Pointi za ziada na zile mbili za lona huongeza hesabu ubaoni, lakini hazirudishi mtu. Wanaorudi hufuata zamu yao: aliyetangulia kutoka ndiye hutangulia kurudi.

MFANO

Tuseme Buluu wanacheza na Wekundu, wote wakiwa saba kwa saba.

Mvamizi wa Buluu aingia, awagusa wawili, arudi. Buluu 2, Wekundu 0. Wekundu wamebaki 5.

Mvamizi wa Wekundu aingia, auvuka mstari wa ziada, lakini akamatwa. Wekundu wapata 1 ya ziada, Buluu 1 ya kukamata. Hesabu ni 3 kwa 1. Wekundu wamebaki 4, kwa kuwa pointi yao haikurudisha mtu.

Buluu wavamia tena na kumgusa mmoja: 4 kwa 1. Wekundu wamebaki 3. Mvamizi wao aingia na kurudi bila ya kitu.

Sasa mvamizi wa Buluu aingia tena. Akiwagusa wote watatu na kufika kwake, Buluu watapata pointi 3 na 2 za lona, na hesabu itakuwa 9 kwa 1. Lakini wale watatu wamshika kiunoni na miguuni, naye ashindwa kuufikia mstari. Wekundu wapata pointi 2, na mwenzao wa kwanza kutoka arudi. Hesabu ni 4 kwa 3. Wekundu ni 4, Buluu ni 6.

Mvamizi wa Wekundu aingia, awagusa wawili, arudi. Wekundu 5, Buluu 4. Wekundu wawili warudi, wakawa 6. Buluu wamebaki 4. Waliokuwa karibu kuangamia ndio wanaoongoza sasa. Tofauti ya mambo hayo mawili ilikuwa pumzi ya mtu mmoja.

YALIYOKATAZWA

Ijapokuwa mchezo ni wa nguvu, ukatili haukubaliwi. Ni marufuku kumziba mvamizi mdomo au kumkaba koo ili pumzi ikatike. Kumbana kwa miguu kama makasi. Na kumvuta kwa nywele au kwa nguo. Kucha hazina budi kukatwa, mapambo yavuliwe, wala mtu asijipake mafuta ili ateleze mikononi mwa wenzake. Refa na wasaidizi wake wawili huangalia hayo yote, na waandishi wa pointi huandika waliotoka na waliorudi.

MSHINDI HAJULIKANI MAPEMA

Oktoba 2016 mataifa 12 yalikutana Ahmedabad, India, kushindania Kombe la Dunia, na Kenya ilikuwa timu pekee kutoka Afrika. Katika mchezo wa ufunguzi India, mabingwa wa miaka mingi, walishindwa na Korea ya Kusini kwa pointi 34 kwa 32. Hata hivyo India hawakukata tamaa, na katika fainali waliwashinda Iran 38 kwa 29. Wairani nao hawakulala: katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 ndio waliotwaa dhahabu, ya wanaume na ya wanawake pia.

Shule au kijiji kinachotaka kuanza mchezo huu hakihitaji fedha nyingi. Yatosha kuwa na ardhi laini iliyoondolewa mawe, kamba ya kupimia, chokaa au majivu ya kuchorea mistari, na saa. Apatikane pia mtu mwaminifu wa kuandika pointi. Na watazamaji wasiangalie ubao tu. Wawahesabu pia walioketi nje, kwani timu inayoongoza kwa pointi tano huku imebaki na watu wawili uwanjani bado iko hatarini.