METHANOLI: MAFUTA YA NGUVU, MOTO USIOONEKANA



Katika karakana na gereji husikika maneno kwamba iko dawa ya kutia katika petroli ili gari liende mbio zaidi. Dawa inayotajwa sana ni methanoli. Wengine huisifu kama uchawi, na wengine huiogopa bila kujua sababu. Katika ukurasa huu tunaeleza methanoli ni kitu gani, inafanyaje kazi katika injini ya gari la mashindano, na hatari yake ni ipi. Tunaeleza kwa kuwa methanoli haimo katika magari ya mashindano tu. Imo katika viwanda vya rangi, vanishi na gundi, na wanaoifungua katika mapipa ni wafanyakazi.

Ni kitu gani?

Methanoli ni aina ya spiriti. Zamani ilipatikana kwa kuchoma kuni katika tanuri lililofungwa, ndiyo maana ikaitwa spiriti ya mti. Siku hizi hutengenezwa zaidi kwa gesi ya ardhini, na huko China kwa makaa ya mawe. Haina rangi, ni kama maji. Harufu yake yakaribiana na ile ya spiriti iliyomo katika pombe. Kwa macho na kwa pua mtu hawezi kuzitofautisha, na hapo ndipo balaa huanzia, kama tutakavyoona.

Kwa nini gari hupata nguvu?

Watu wengi hudhani kwamba methanoli ina moto mkali kuliko petroli. Sivyo. Kilo moja ya methanoli hutoa joto lisilofika nusu ya lile linalotolewa na kilo moja ya petroli. Nguvu yake inatoka mahali pengine.

Injini hula vitu viwili, mafuta na hewa. Mafuta ni rahisi kuyaongeza, lakini hewa inayoingia katika silinda ina kipimo chake. Kilo moja ya petroli huhitaji kama kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Kilo moja ya methanoli huhitaji kilo 6.4 tu. Basi kwa hewa ileile, fundi anaweza kutia methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli, na jumla ya joto likawa sawa au kuzidi kidogo.

Faida kubwa ni ubaridi. Ukimwaga spiriti mkononi utasikia baridi, kwa sababu inapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi. Methanoli huchukua joto kama mara tatu ya petroli, kilo kwa kilo. Ikiingia katika injini huipoza hewa, na hewa baridi hushikana, ikaingia nyingi zaidi katika silinda. Tena methanoli haiwaki kabla ya wakati wake hata ikishindiliwa sana. Kwa hiyo fundi anaweza kujenga injini yenye mshindilio mkubwa bila kusikia ule mgongano unaovunja pistoni.

Iko njia nyingine, nayo ni kuchanganya methanoli na maji na kuirushia hewa inayoingia katika injini yenye tabo. Ndege za kivita za Ujerumani zilitumia mchanganyiko wa namna hiyo, karibu nusu kwa nusu, katika vita vya pili vya dunia. Magari ya mbio ya leo huitumia njia hiyohiyo.

Lakini gari la kawaida halikujengwa kwa kazi hiyo. Methanoli hula alumini na huharibu baadhi ya mipira ya mabomba. Huvuta maji ya hewani, na maji yakizidi hujitenga na petroli na kukaa chini ya tangi. Anayeitia kwa wingi bila kupanua njia za mafuta huinyima injini chakula, na pistoni yaweza kutoboka. Hasara ni ya mwenye gari, na lawama humwangukia fundi.

Mafunzo ya Indianapolis

Huko Marekani kuna mashindano makubwa ya magari katika mji wa Indianapolis, mwendo wa maili 500. Tarehe 30 Mei 1964, katika mzunguko wa pili, petroli ililipuka katika ajali na madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, walikufa. Baada ya msiba huo magari yalihamia kwenye methanoli. Haishiki moto upesi kama petroli, na ikiwaka huzimika kwa maji. Ilitumika huko mpaka mwaka 2006, na mwaka 2007 ikafuata ethanoli, yaani spiriti inayotokana na mimea.

Hata hivyo methanoli ilikuwa na siri yake. Mwali wake hauonekani mchana, wala hautoi moshi. Tarehe 24 Mei 1981 gari la Rick Mears liliingia kujazwa mafuta. Methanoli ikamwagika kabla bomba halijashikana na gari, ikawarukia dereva na mafundi, ikawaka. Watu walikuwa wanaungua, na waliokuwa karibu hawakuona moto. Waliona binadamu wakirukaruka na kujipigapiga. Mears aliungua uso, na mafundi kadhaa waliumia.

Tutazame kilichofuata. Kichwa cha bomba kilibadilishwa, kikatiwa vali ambayo haifunguki mpaka bomba liwe limeshikana na gari. Haikutosha kuwaambia mafundi wawe waangalifu. Chombo ndicho kilichorekebishwa. Huu ndio msimamo ambao kila mfanyakazi anapaswa kuushika anapoambiwa kwamba ajali ilitokana na uzembe wake.

Sumu ya kimya

Moto ni hatari moja. Ya pili ni sumu. Ndani ya mwili ini huigeuza methanoli kuwa asidi, na asidi hiyo hushambulia mishipa ya macho. Kiasi kidogo, hata vijiko vichache, chaweza kumpofusha mtu au kumwua. Huingia kwa kinywa, kwa mvuke unaovutwa, na hata kwa ngozi. Ubaya wake ni kwamba haina haraka. Mtu anaweza kujiona mzima kwa muda wa saa 12 hadi 24, kisha yakaja maumivu ya tumbo, kutapika, kuhema na kuona ukungu.

Nchi zetu zimelia kwa sababu hiyo. Mwezi Novemba 2000 mjini Nairobi watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 nchini Uganda makumi ya watu walikufa kwa waragi ya namna hiyo. Wengi walikuwa watu wa kipato kidogo waliotafuta kinywaji cha bei rahisi.

Mambo ya kushika

1. Usinyonye methanoli kwa mpira ili kuihamisha. Idai pampu.

2. Kila pipa liandikwe kilichomo, kwa lugha ambayo wafanyakazi wanaisoma. Pipa lililokwisha lisichukuliwe nyumbani kwa maji wala kwa pombe.

3. Vaa glavu zinazofaa na miwani ya kukinga macho. Ikikumwagikia, vua nguo iliyolowa na jioshe kwa maji mengi.

4. Fanya kazi penye hewa ya kutosha, mbali na sigara, jiko na cheche. Mvuke wake hushika moto hata kwa joto la kawaida la chumba.

5. Maji mengi yawe karibu. Mwenzako akirukaruka bila sababu, usingoje kuona mwali. Mmwagie maji.

6. Aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajisikii vibaya, na daktari aambiwe wazi kwamba ni methanoli. Dawa ipo, lakini hufaa ikiwahi.

Ndugu, pampu, glavu, maji na maandishi juu ya pipa si zawadi ya mwajiri. Ni vyombo vya kazi kama spana na nyundo. Pale ambapo havipo, wajumbe wa tawi walipeleke jambo hilo katika mkutano na usimamizi, liandikwe, na lifuatiwe mpaka vipatikane.