MAMA, TOGWA PEKE YAKE HAIMTOSHI MTOTO

Katika nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi togwa ni kinywaji cha wote. Baba akirudi shambani hupewa kikombe, na mgeni hukaribishwa kwa togwa. Mtoto aliyeanza kula akilia, mama huchota humo humo. Mtoto hunywa, hushiba, hulala. Lakini mtoto anaweza kushiba hivyo kila siku na bado mizani ya kliniki isipande. Kwa nini?

Kinachotokea chunguni

Togwa huanza kama uji wa kawaida wa mahindi au mtama. Uji ukishakuwa vuguvugu, mama huukoroga na unga wa kimea, pamoja na togwa kidogo ya jana, kisha huufunika. Kesho yake ule uji mzito umekuwa mwepesi na mchachu.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vilivyo ndani ya kimea, vikisaidiana na bakteria wa uchachu, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Wanga huvunjwa kuwa sukari, ndiyo maana togwa changa ni tamu. Protini nayo huvunjwa. Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Ndani ya togwa uzi huo hukatwa vipande vifupi, hivyo tumbo la mtoto hupunguziwa kazi. Faida hiyo ni kubwa zaidi kwa mtama, kwa kuwa protini yake huwa ngumu kusagika tumboni baada ya kupikwa.

Uchachu pia huzuia vijidudu vingi vya kuhara. Ukifuata barabara kuu kutoka Mikumi kwenda Iringa utapita Ilula. Huko watafiti walilinganisha watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa na wenzao waliokula uji wa kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliokula uji uliochachushwa waliharisha mara chache zaidi. Bibi zetu hawakukosea.

Kuvunja si kuongeza

Lakini hapa ndipo akina mama wengi tunapojidanganya. Kukata uzi wa shanga hakuongezi shanga. Protini ya mahindi ni kidogo, tena ina upungufu wa lisini, moja ya shanga ambazo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Togwa iliyochachuka vizuri bado ni mahindi. Mtoto anayeishi kwa togwa tupu anaweza kudumaa, na hata kupata utapiamlo mkali, huku mama akiamini kwamba anamlisha vizuri.

Maharage, kunde, dagaa, mayai na maziwa vina lisini kwa wingi. Vitu hivi vingi vinapatikana sokoni kwetu.

Fanya hivi

1. Chagua nafaka safi. Punje zenye ukungu zitupe, kwani sumu yake haiondoki kwa kupika, wala usitegemee uchachu kuimaliza.

2. Kimea cha ulezi kinafaa sana. Ukitumia cha mtama, kianike kikauke, kisha ondoa machipukizi na mizizi yote kabla ya kusaga, maana yana sumu.

3. Nawa mikono, tumia chombo safi chenye kifuniko, na acha togwa ichachuke vizuri.

4. Chota ya mtoto pembeni. Ichemshe, na kwa kila bakuli ongeza kijiko kimoja cha unga wa dagaa au maharage yaliyoiva na kupondwa. Ipoze, mlishe kwa kijiko.

5. Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe togwa. Maziwa yako yanamtosha. Baada ya hapo endelea kumnyonyesha hadi afikishe miaka 2 au zaidi.

Mama, usiiache togwa. Ila jioni ya leo, kabla hujampa mwanao bakuli lake, jiulize: nimeongeza nini ndani yake?