IST au Forester ya turbo: Bei zinakaribiana, gharama hazikaribiani

Matangazo ya magari ya mkononi yana lugha yake. "IST namba D, AC inapuliza baridi, haina shida, ni kuwasha na kuondoka." Ukishuka kidogo unakutana na jingine: "Forester turbo, namba D, mnyama barabarani, bei maelewano."

Mara nyingi bei za magari haya mawili hazipishani sana, na hapo ndipo wanunuzi wengi wa gari la kwanza wanapoteleza. Mtu amekusanya pesa miaka mitatu, au amekopa, anaona kwa hela ileile anaweza kupata gari lenye nguvu mara mbili. Analichukua. Baada ya miezi sita gari lipo gereji, limewekwa juu ya mawe, na marejesho ya mkopo bado yanaendelea.

Turbo ya zamani haiuzwi kwa bei hiyo kwa bahati mbaya. Soko linajua gharama ya kuitunza, na bei imeshuka kwa sababu hiyo.

Kwa nini IST imejaa mjini

Toyota IST ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ikiwa na injini za cc 1,300 na cc 1,500. Injini hizo hazikuwekwa kwenye IST peke yake. Ile ya cc 1,500, inayojulikana kama 1NZ, imo pia kwenye Probox, Raum, Ractis, Spacio, Runx na baadhi ya Vitz.

Kwa mwenye gari, maana yake ni hii: akifika Gerezani, Kariakoo, spea ya injini yake ipo karibu kila duka, mpya au iliyotumika. Fundi wa mtaani ameshaifungua injini hiyo mara nyingi. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita fulani.

Haimaanishi IST haiharibiki. Barabara za vumbi na matuta zinamaliza bushi na shokapu. Isipobadilishwa oili kwa wakati, injini inaanza kula oili. IST ya pili, iliyoanza 2007, ina matoleo yenye gia za CVT, na gia hizo zinataka oili yake maalumu. Fundi akiweka oili ya gia ya kawaida "kwa sababu zote ni nyekundu", gia boksi inaweza kufa.

Turbo inataka nini

Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda. Hewa nyingi, mafuta mengi, nguvu kubwa. Feni hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, tena kwenye joto kali, na kinachoilinda ni oili ya injini.

Ndiyo maana oili iliyopungua au chafu, ambayo IST inaweza kuivumilia kwa muda, inaua turbo haraka. Kwa Forester za turbo zenye injini ya EJ20, mwenye gari anatakiwa kujipanga hivi:

- Kupima oili kwa kijiti kila wiki, na kuibadilisha mapema, takribani kila kilomita 5,000, kwa oili nzuri kutoka duka linaloaminika.
- Kubadilisha mkanda wa taiming karibu kila kilomita 100,000, pamoja na pampu ya maji na roli zake. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini inaharibika. Gari la mkononi lisilo na kumbukumbu ya lini mkanda ulibadilishwa, ubadilishwe mara tu baada ya kununua.
- Kutumia kulanti, si maji ya bomba. Injini ni ya aluminiamu, na ikichemsha mara moja tu vibaya, gasketi ya silinda hedi inaweza kwenda.
- Kuiacha injini iungurume taratibu kama dakika moja baada ya mwendo mkali kabla ya kuzima, ili oili ipoze turbo.

Kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaihesabu: matairi. Subaru hizi zinavutwa na magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja likipasuka, kufunga jipya moja pembeni ya matatu yaliyolika kunafanya magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti, na mfumo wa katikati unaogawa nguvu unaumia. Kwenye IST mtu anaweza kununua mawili na maisha yakaendelea. Kwenye Subaru, salama ni manne yanayofanana.

Matoleo mengi ya turbo ya Japani pia yaliundwa kwa petroli ya oktani ya juu. Injini ikianza kugonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo unapopanda mlima, si ya kupuuza.

Hesabu ya mafuta

Tuchukue mfano wa mtu anayeendesha kilomita 40 kwa siku, kwenda kazini na kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,040.

Gari linalokwenda kilomita 13 kwa lita litatumia lita 80. Linalokwenda kilomita 8 kwa lita, jambo la kawaida kwa turbo kwenye foleni, litatumia lita 130. Tofauti ni lita 50 kwa mwezi, au lita 600 kwa mwaka. Zidisha kwa bei inayotangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, utaona kama mshahara unaafiki.

Kwa mtu anayeendesha Jumamosi na Jumapili tu, tofauti hiyo inapungua sana. Kwa hiyo swali la kwanza si "gari gani kali?" bali "kilomita ngapi kwa mwezi?" Mwenye kipato cha kuitunza na fundi anayeijua Subaru anaweza kuifurahia turbo miaka mingi. Anayeanza maisha na ana gari moja tu la kumfikisha kazini, turbo iliyochoka itamtesa.

Namba D si umri wa gari

Madalali wanapenda kuuza namba. Lakini herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao, yaani A, B, C, D au E, inaonyesha gari liliandikishwa lini Tanzania, si lini lilitengenezwa. Gari la 2005 lililoingia bandarini mwaka jana litapata namba mpya kabisa.

Namba ina maana moja ya kweli: gari la namba ya karibuni limepigwa na barabara zetu kwa muda mfupi zaidi. Umri wenyewe utafutwe kwenye kadi ya gari na kwa namba ya chesisi.

Kwa anayeagiza Japani, umri una bei yake. Mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari dogo lenye miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. TRA ina kikokotoo mtandaoni. Kipigwe kabla ya kutuma pesa, kwa sababu TRA inatumia thamani iliyomo kwenye mfumo wake, si risiti ya muuzaji peke yake. (Kenya hali ni tofauti: gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa kabisa.)

Mwagizaji aombe pia karatasi ya mnada. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri. R au RA ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita za kwenye karatasi zilinganishwe na za kwenye dashibodi.

Kukagua kabla ya kulipa

Gari likaguliwe asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji akiwa ameshaliwasha kabla hujafika, weka mkono kwenye boneti. Kama ni la moto, uliza kwa nini. Kisha:

- Taa za dashibodi. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima iwake, halafu izimike gari likiwaka. Isipowaka kabisa, huenda imezimwa makusudi kuficha tatizo.
- Moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto ni maji yanaingia ndani. Mweusi ni mafuta yanazidi.
- Mkanda wa kiti. Uvutwe hadi mwisho. Ukikuta matope yaliyokauka, gari hilo huenda lilizama kwenye mafuriko.
- Safari ya nusu saa. Kwenye foleni na kwenye mlima. Gia isiruke, isichelewe kuingia, na mshale wa joto usipande.
- Kompyuta. Fundi apime gari kwa mashine ya kusoma makosa ya injini. Awe fundi wa mnunuzi, si wa dalali.

Pesa ya ukaguzi inauma kuitoa kwa gari ambalo hujalinunua, lakini ni ndogo kuliko bei ya giaboksi.

Kadi kwanza, pesa baadaye

Jina la kwenye kadi lifanane na la anayeuza. Maneno kama "kadi iko benki, utaipata wiki ijayo" yanaweza kumaanisha gari ni dhamana ya mkopo ambao haujaisha. Namba ya chesisi kwenye kadi isomwe pamoja na iliyogongwa kwenye gari lenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Faini za barabarani zinaangaliwa kwenye mfumo wa Polisi kwa kutumia namba ya gari. Mkataba wa mauziano uandikwe na kusainiwa kwa wakili.

Na usitumie hela yote kununua. Gari la mkononi linataka oili, filta, breki pedi, betri au tairi ndani ya mwezi wa kwanza. Asiyebakiza kitu anaanza umiliki kwa kukopa.

Lini gari libadilishwe

Kosa la kawaida ni kusema "nimeshaweka hela nyingi, siwezi kuliachia." Hela iliyoshaingia hairudi. Hesabu inayofaa ni ya mbele: miezi 12 ijayo gari litadai nini? Kama ni shokapu na matairi, lifungwe, litembee. Kama injini inakula oili, giaboksi inachelewa na chesisi imeliwa na kutu kwa pamoja, kila kinachotengenezwa kitafuatiwa na kingine, na kila mwezi bei ya kuliuza inashuka.

Muda mzuri wa kuuza ni gari likiwa bado linawaka na kutembea vizuri, si siku limevutwa na breakdown. Daftari lenye tarehe za sevisi na risiti za spea linamsaidia muuzaji kutetea bei yake, kwa sababu mnunuzi mwenye akili atauliza maswali yaleyale yaliyotajwa hapa.

Siku ya kukabidhi funguo, umiliki uhamishwe TRA hapohapo, isiwe "tutamalizia baadaye". Mpaka jina libadilike, faini za gari hilo na kesi yoyote litakayoingia barabarani zitaanza kumtafuta aliye kwenye kadi.