CHUJIO YETU YA MCHANGA: INATUNZWA NAMNA GANI?



Juma lililopita niliona mdogo mmoja wa kalasi ya kwanza akipiga chujio yetu ngumi, juu maji ilikuwa inatoka tone kwa tone. Nikakumbuka kosa langu mwenyewe. Ndiyo sababu ninaandika haya mbele ya kwenda kufanya egzamini ya Serikali.

Mwaka jana maji ilipungua vile vile. Sisi watatu tukatoa mchanga wote, tukauosha na sabuni na javeli, tukarudisha. Siku ile maji ilitoka mbio, tena meupe. Watu wakatusifu. Lakini juma halijaisha, wadogo wa internati walianza kuharisha. Maji meupe na maji safi si kitu kimoja.

Kosa ilikuwa wapi? Wengine wenu wameona pisini. Chujio ya pisini iko na mchanga pia, lakini pompi inasukuma maji kwa nguvu. Ikijaa uchafu, wanageuza maji ipande toka chini, uchafu unatoka. Chujio yetu ni ya polepole. Juu ya mchanga, kwenye sentimita 1 ao 2, wanaishi vidudu vidogo sana vinavyokula mikrobe. Hao ndio walinzi wetu. Wanaweza kuomba siku 30 kwa kukomaa. Sisi tuliwaua na javeli!

Akili hii si ya leo. Mwaka 1829 James Simpson alijenga chujio kubwa ya mchanga London. Mwaka 1892 kolera iliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani. Altona, mji wa jirani kabisa, ulikunywa maji ya mto ule ule Elbe, lakini iliyochujwa kwa mchanga: wagonjwa walikuwa wachache sana. Chujio ndogo kama yetu ilitengenezwa na David Manz wa Kanada, miaka ya 1990.

Basi tufanye hivi:

1. Maji ikitoka polepole: usitoe mchanga. Jaza maji, zungusha kiganja juu juu tu, chota maji machafu na kikombe, mwaga mbali. Rudia mpaka mwendo urudi. Siku zinazofuata, tuchemshe maji ya kunywa, juu walinzi wamesumbuliwa.

2. Ikitoka mbio sana: chujio ikiwa imejaa, litre 1 isijae mbele ya dakika 2 na nusu. Ikijaa mbele ya hapo, ita mwalimu.

3. Ikinuka: pengine ilikaa bila maji mapya. Tumia kila siku, usipitishe siku 2. Kisha kumwaga, iache ipumzike saa moja nzima.

4. Maji ikiwa matope, wakati wa mvua: iache itulie usiku katika ndoo, kisha ipitishe katika kitambaa.

Wakati chujio inapumzika, maji ibaki sentimita 5 juu ya mchanga. Ikikauka, walinzi wanakufa. Ikizidi, hewa haiwafikie. Kwa hiyo usifunge tiyo wala robine pale inapotokea. Javeli inawekwa katika bido ya maji safi, si ndani ya chujio. Na bido ya kuchotea mtoni isipokee maji safi hata siku moja.

Neno moja tena kwetu watu wa Luhwindja: mchanga hauwezi kuondoa zebaki iliyoyeyuka. Tusichote chini ya pale wanapoosha dhahabu.

Mimi ninaondoka, chujio inabaki. Ninatafuta wawili wa kalasi ya tano. Waje Jumamosi saa nane, niwaonyeshe kwa mikono. Lakini wasilete sabuni!

Msimamizi wa wanafunzi, kalasi ya sita