Wanaojitolea Kwenye Mbio za Mitumbwi Wafundishwe Kuokoa

Kwa miaka kadhaa mashindano ya mitumbwi yaliyodhaminiwa na bia ya Balimi yaliwakusanya wapiga kasia wa Kanda ya Ziwa, wanaume kwa wanawake. Bukoba ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, na washindi walikwenda kukutana Mwanza kwenye fainali. Shughuli ya namna hiyo haiendi bila watu wa kujitolea: wa kupanga mitumbwi, kuwazuia watoto wasisogelee maji, kuokota chupa ufukweni jioni. Kazi hizo zina maana, ila tukiishia hapo tunapoteza nafasi adimu. Siku ya mbio, wavuvi, injini, polisi na viongozi wote wako kwenye mwalo mmoja, na hakuna msiba uliowaita. Hiyo ndiyo siku ya kufundishana uokoaji.

Haja yake tumeshaiona. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ikiwa na watu 43, waliowahi kufika ni wavuvi. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki. Mmoja wa wavuvi hao, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili. Lakini mkoa wenye ziwa kubwa hivi hauwezi kutegemea bahati ya kuwa na kijana jasiri karibu. Visiwani Muleba, kule Bumbire au Goziba, mtumbwi ukipinduka anayefika kwanza ni jirani mwenye mtumbwi mwingine.

Wapo watakaosema uokoaji ni kazi ya wataalamu, na kumkabidhi raia ni kumpeleka akafe. Hoja hiyo ni nzito. MV Bukoba ilipopinduka tarehe 21 Mei 1996, tumbo la meli lilitobolewa ili kuwatoa walionaswa ndani. Hewa ikatoka, meli ikazama. Nia njema peke yake haikutosha. Ndiyo maana nasema wafundishwe, tena mambo machache yanayoshikika: kumkaribia taratibu anayezama na kuzima injini kabla panga lake halijamfikia, kutojirusha majini ovyo, kwani mtu aliyepagawa humkumbatia mwokoaji wakazama wote, na kumrushia kamba yenye dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara, ambalo linatosha kumweka kichwa juu ya maji. Haya yanafundishika asubuhi moja, kabla ya kipenga.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: mvuvi anayeacha nyavu zake siku nzima anapoteza mkate wa watoto, huku mdhamini akiuza bia. Basi mdhamini alipie mafuta, chakula na bima, na jaketi okozi zibaki kwa waliojitolea mbio zikiisha. Majina yao na namba za simu yabaki kwa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo (BMU) na kituo cha polisi, ili usiku mtumbwi ukichelewa kurudi kutoka Goziba ijulikane nani wa kupigiwa.