Namna ya kufuata ukoo: Wafaransa wa Kanada na vitabu vyao



Katika somo la historia tunasoma habari za Wazungu waliovuka bahari kwenda kukaa katika inchi za watu wengine. Neno moja linashangaza wengi. Mtu wa Kanada mwenye jina la Kifaransa, hata akiwa mkulima tu, anaweza kukutajia babu zake mpaka kizazi cha kumi, na kijiji kile walichotoka kule Ufaransa. Sisi wengi tunaishia kwa kizazi cha tatu au cha nne. Wengine wanasema: "Ni akili ya Wazungu." Hapana, si akili. Ni karatasi, na kupita karatasi, ni mtu aliyeuliza: "Baba yako nani? Mama yako nani?" Sisi wa mwaka wa sita tunataka kueleza neno hili polepole, maana linatuhusu sisi vilevile.

1. WATU HAWA WALIKUWA NANI?

Mwaka 1608 Samuel de Champlain alijenga Québec kando ya mto Saint-Laurent. Inchi ilikuwa na wenyewe, kama vile Wainnu na Wawendat, lakini Wafaransa waliiita Nouvelle-France. Walikuwa wachache sana. Mwaka 1666 mkubwa mmoja wa mfalme, Jean Talon, alihesabu Wafaransa wote nyumba kwa nyumba, akapata watu 3.215. Wengi katika shule kubwa za leo wanaweza kukaa pamoja uwanjani na kupata nusu ya hesabu ile.

Wala hawakuwa watu wakubwa. Wengine walikuwa wafanyakazi waliojifunga kwa mkataba wa miaka mitatu. Wengine walikuwa askari wa kikosi cha Carignan-Salières waliofika mwaka 1665. Vita ilipokwisha, karibu 400 walibaki wakalima. Tena kati ya mwaka 1663 na 1673 mfalme Louis XIV alituma wasichana karibu 770 ili waolewe kule, kwa kuwa wanaume walikuwa wengi na wanawake wachache. Waliitwa binti za mfalme, lakini mfalme hakuwazaa! Wengi walikuwa maskini, wengi yatima. Mfalme aliwalipia safari.

Basi mababu hawa walikuwa watu wadogo. Juu ya nini majina yao hayakupotea?

2. KITABU CHA KANISA

Mwaka 1539 mfalme François I aliamuru mapadri waandike ubatizo katika kitabu. Mwaka 1579 ikaongezwa amri ya kuandika ndoa na maziko. Mwaka 1667 Louis XIV akaamuru kila kitabu kiandikwe mara mbili: kimoja kibaki kanisani, kingine kipelekwe kwa karani wa baraza la hukumu. Juu ya nini mara mbili? Nyumba moja ikiungua, nyingine inabaki. Wafaransa walivuka bahari pamoja na desturi hii.

Karatasi yenye nguvu kupita zote ni ile ya ndoa. Ndani yake padri aliandika jina la bwana arusi, baba yake na mama yake. Jina la bibi arusi, baba yake na mama yake. Tena mara nyingi paroisi walikotoka. Na mwanamke aliandikwa kwa jina la ukoo wake mwenyewe, si kwa jina la mume. Ufunguo ni huo. Kama mama angalifichwa chini ya jina la mume, nusu ya ukoo ingalipotea.

3. NAMNA YA KUTEMBEA

Anayetafuta haanzi juu kwa babu mkubwa aliyesikia habari zake. Anaanza kwake mwenyewe, anarudi nyuma hatua kwa hatua, bila kuruka hata moja. Anatafuta ndoa ya wazazi wake. Karatasi ile inampa majina ya babu na bibi zake wanne. Kiisha anatafuta ndoa zao, anapata wanane. Hesabu inaongezeka mara mbili kila hatua, hata kufika hatua ya kumi ni nafasi 1.024. Lakini inchi ilikuwa na watu wachache, kwa hiyo mtu mmoja anaonekana katika nafasi nyingi. Seremala Zacharie Cloutier, aliyetoka upande wa Perche mwaka 1634, alikuwa na uzao wa watu kupita 10.000 kabla ya mwaka 1800. Ndiyo maana Wakanada wawili wasiojuana wanaweza kugundua kwamba ni ndugu.

Kuna karatasi nyingine pia, zile za notari, ndiye mwandishi wa mapatano. Watu walikwenda kwake kuandika mapatano ya arusi, kununua shamba, au kugawa mali ya marehemu. Hapo unaona sufuria ngapi, ng'ombe wangapi, na nani alijua kuandika. Yule Cloutier hakujua kuandika. Palipotakiwa sahihi yake alichora shoka. Mpaka leo uzao wake wanaitambua.

Padri mmoja, Cyprien Tanguay, alikusanya koo hizi katika vitabu saba vilivyotoka kati ya mwaka 1871 na 1890. Tena mwaka 1966 wataalamu wa Université ya Montréal walianza kazi ya kuunganisha vitabu vya paroisi zote kwa msaada wa ordinateri. Leo anayetafuta anapata kwa siku moja kazi iliyomaliza miaka ya wazee.

4. MAHALI NJIA INAPOKATIKA

Tusifikiri kwamba karatasi inajua yote. Mitego iko minne.

Wa kwanza ni majina mawili. Askari alikuwa na jina la vita: Lafleur, ni kusema Ua, Sansouci, ni kusema Asiye na Masumbuko. Katika karatasi moja anaitwa kwa jina la baba, katika nyingine kwa jina la vita, na watoto wake walijichagulia. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuacha koo mbili zenye majina mbalimbali.

Wa pili ni moto. Mwezi wa sita mwaka 1640 kanisa la Québec liliungua pamoja na vitabu vyake. Ikabidi kuviandika tena kwa kukumbuka. Fahamuni neno hili, wenzetu! Kurasa za kwanza za vitabu hivi vinavyosifiwa zilitoka kinywani na moyoni mwa watu, sawasawa na habari za wazee wetu.

Wa tatu unatuhusu sisi Waprotestanti. Kwa amri ya mwaka 1627, Wakatoliki tu ndio waliotakiwa kukaa Nouvelle-France. Waprotestanti walifika vilevile, lakini aliyetaka kuoa na kukaa ilimpasa kukana imani yake, na kukana kule kuliandikwa. Kwa hiyo wako watu wanaofuata ukoo wao na kumkuta babu Mprotestanti kwa sababu ya karatasi ya kuuacha Uprotestanti. Kule Ufaransa, Louis XIV aliivunja amri ya Nantes mwaka 1685, na makanisa yetu yakafungwa. Wengi waliabudu kwa siri na kufunga ndoa mbele ya wachungaji waliojificha, na nyakati zile zinaitwa nyakati za Jangwani. Mbele ya Leta ndoa hizo hazikuwa ndoa. Ni mwaka 1787 tu Louis XVI alipowapa ruhusa ya kuandikwa bila kupita kwa padri. Hapo katikati ni miaka 102, na koo nyingi zina tundu mahali hapo.

Wa nne ni mzito kupita yote. Mwaka 1633 alibatizwa Québec mtoto mmoja wa kiume aliyetolewa Afrika. Wanasema alitoka Madagaska. Waingereza walimleta na kumwuza. Akaitwa Olivier Le Jeune: Olivier ni jina la karani mmoja wa pale, Le Jeune ni jina la padri aliyemfundisha. Alizikwa mwaka 1654. Kitabu ni kilekile, wino ni uleule, lakini mtoto huyu hana baba wala mama katika ukoo unaoweza kufuatwa, na jina alilopewa na mama yake hatulijui. Nyuma yake walikuja wengine. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa karibu 4.200 katika Kanada ya zamani, sehemu kubwa wakiwa wenyeji wa Amerika. Mfanyakazi maskini wa Perche ana mti mzima wa ukoo. Olivier ana jina la watu wengine. Wote wawili walikuwa watu wadogo. Tofauti ni kwamba mmoja aliulizwa wazazi wake ni nani, na mwingine jibu lake halikuwa na kazi kwa waliomnunua.

5. NA SISI?

Sisi hatuwezi kufuata ukoo kwa jina moja kama Wafaransa, maana kwetu watoto wa baba mmoja pengine kila mmoja ana jina lake. Tena tuko na majina mawili sawa na askari wale: mwaka 1972, inchi ilipoitwa Zaire, Leta ilikataza majina ya kigeni, na mzee aliyeandikwa Yoane katika kitabu cha misioni anaitwa kwa jina lingine katika kitambulisho. Asiyejua hayo atahesabu watu wawili kumbe ni mmoja.

Lakini tuko na wazee. Basi, wakati wa likizo, kila mmoja achukue daftari na kufanya hivi:

a) Aanze kwake mwenyewe, asiruke kizazi.
b) Kwa kila mtu aandike majina yote, la nyumbani, la ubatizo na la kitambulisho, tena kijiji, na mto au mlima ulio karibu.
c) Aulize jina la mama na ukoo wake, asiishie kwa baba.
d) Aulize wazee wawili mbalimbali, na wakipishana aandike maneno ya wote wawili.
e) Aulize pia habari za yule aliyekuja nyumbani kwa sababu ya vita au njaa, ambaye hakuna anayetaja wazazi wake.
f) Aandike mara mbili. Daftari moja likae nyumbani, lingine kwa ndugu wa mbali.

Wazee hawatatungoja. Tuulize mwaka huu.