Magari ya Kale, Sehemu ya Tatu: Pampu Inayosingiziwa

Katika sehemu iliyopita tulifuata umeme wa kuwasha plagi mpaka mwisho wake. Leo tunageukia mafuta, na gari letu linabaki lile lile: MGB, gari dogo la michezo lililotoka katika kiwanda cha Abingdon, karibu na Oxford nchini Uingereza, tangu 1962 hadi 1980. Yaliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengi bado yanatembea. Wakazi wa Nairobi wanaohudhuria mashindano ya magari ya kale kule uwanja wa mbio za farasi wa Ngong huenda wameyaona. Lakini sababu kubwa ya kulichagua ni pampu yake ya petroli. Inaendeshwa kwa umeme, kwa hiyo gari likizima njiani, fundi wa injini anamtazama fundi wa umeme, na fundi wa umeme anamtazama fundi wa injini, na mwenye gari anaishia kununua pampu mpya.

Rai yangu ni kwamba pampu nyingi zinazotupwa ni nzima. Na hata zile zilizokufa kweli, mara nyingi ziliuawa na waya, na mpya itakayofungwa mahali pake itauawa vile vile.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi, maana bila hilo vipimo vyote havina maana. Pampu ya MGB ni ya SU, kampuni ya ndugu wa ukoo wa Skinner, wale wale waliobuni kabureta zilizofungwa mbili mbili kwenye injini hii ya sentimita za ujazo 1798. Ndani yake mna koili. Umeme ukipita, koili inakuwa sumaku na kuvuta kipande cha chuma kilichoshikamana na diaframu. Diaframu ikivutwa, petroli inanyonywa kutoka kwenye tangi. Mwisho wa mwendo huo, kile kipande cha chuma kinaachanisha pointi mbili ndogo, umeme unakatika, sumaku inakufa, na springi inairudisha diaframu, nayo inaisukuma petroli mbele kuelekea kwenye kabureta. Diaframu ikishafika mwisho, pointi zinagusana tena na kazi inaanza upya. Kila duru ina mlio wake: tak, tak, tak.

Angalia jambo moja hapo ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Petroli haisukumwi na umeme. Inasukumwa na springi. Umeme kazi yake ni kuikaza springi tu. Ndiyo maana shinikizo la pampu hii halizidi pauni 3 hivi kwa inchi ya mraba, betri iwe imejaa au imechoka. Umeme ukipungua, kinachopungua ni kasi ya pampu. Gari litawaka vizuri asubuhi, litatembea mjini bila neno, kisha litaanza kukosa nguvu kwenye mlima mrefu, pale injini inapotaka petroli nyingi kwa mfululizo. Mwenye gari atasema kabureta ni chafu.

Umeme ukipungua zaidi ya hapo, koili inashindwa kuumaliza mvuto. Diaframu inasimama katikati ya safari, pointi zikiwa bado zimegusana, na umeme unaendelea kupita bila kukatika. Koili inapata moto. Ukiiacha swichi wazi namna hiyo kwa muda mrefu, inaungua. Hivi ndivyo kiungio kibovu cha waya, kitu cha senti chache, kinavyoua pampu ya bei.

Sasa tuifuate njia ya umeme. Katika magari ya Kiingereza ya wakati ule rangi za nyaya zilikuwa na utaratibu, na anayeujua hahitaji kubahatisha. Waya wa kahawia unatoka kwenye betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Waya mweupe unatoka kwenye swichi ya ufunguo, nao pia kwa kawaida hauna fyuzi. Wa kijani ni ule mweupe uliokwisha kupita kwenye fyuzi. Wa zambarau una fyuzi lakini uko hai wakati wote. Mweusi ni ethi. Pampu inalishwa na waya mweupe: kutoka kwenye betri nyuma ya viti umeme unakwenda mbele mpaka kwenye stata, unapanda kwa waya wa kahawia mpaka kwenye swichi, unatoka mweupe, unapita kwenye boksi la fyuzi bila kuigusa fyuzi yenyewe, unarudi nyuma kupitia viungio vya risasi, na ndipo unaifikia pampu, ambayo iko hatua moja tu kutoka kwenye betri ulikotoka. Safari ya urefu wa gari zima, kwenda na kurudi. Kisha kutoka kwenye pampu waya mweusi mfupi unaingia kwenye bodi, na bodi inaurudisha umeme kwenye betri.

Hivyo viungio vya risasi ndivyo adui namba moja. Ni ncha za shaba nyeupe zenye umbo la risasi, zinazochomekwa kwenye bomba dogo la chuma lililovishwa mpira. Viwandani vilikuwa safi na vimekaza. Baada ya miaka hamsini mpira umepasuka, maji yameingia, na shaba imefanya ukungu wa kijani. Waingereza wana utani wao wa kumwita Lucas, mtengenezaji wa umeme wa magari hayo kutoka Birmingham, Mkuu wa Giza. Mimi naona ni uonevu. Hakuna kiungio cha shaba kinachokaa nusu karne chini ya gari, kikipigwa na matope, kisiote ukungu, awe amekitengeneza nani.

Na ukungu huo una hila. Ukichomoa waya mweupe kwenye pampu ukaupima kwa mita, utasoma volti 12 kamili. Fundi atasema umeme upo, pampu imekufa. Mita ya kisasa haivuti karibu umeme wowote, kwa hiyo kiungio kibovu hakipati kazi ya kufanya, na kasoro yake haionekani. Tuseme pampu ina omu 4. Kwa volti 12 itavuta ampea 3. Sasa ongeza omu 2 za ukungu njiani: jumla ni omu 6, umeme unashuka hadi ampea 2, ukungu unakula volti 4, na pampu inabaki na 8. Tena nguvu ya sumaku inafuata, kwa makadirio, mraba wa umeme. Theluthi mbili zikizidishwa kwa theluthi mbili ni nne ya tisa. Umepoteza theluthi moja ya umeme, lakini sumaku imepoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Yote hayo mita iliyokuwa imeshikwa kwenye waya mtupu haikuyaona.

Kwa hiyo pima wakati njia ina mzigo. Pampu yenyewe ni mzigo mbaya wa kupimia, kwa sababu inakata na kuunga, na namba za mita zinarukaruka. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iungie nyaya mbili fupi, uiweke mahali pa pampu: upande mmoja kwenye waya mweupe, mwingine kwenye waya mweusi. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 1.75, umeme usiobadilika, unaotosha kulifichua kosa. Fungua swichi. Sasa weka mkono mmoja wa mita kwenye ncha hai ya betri, yaani ile isiyofungwa kwenye bodi, na mwingine kwenye waya mweupe pale unapoingia kwenye balbu. Unachosoma ni volti zilizopotea njiani. Kisha fanya hivyo upande wa kurudi: kutoka kwenye waya mweusi wa balbu hadi kwenye ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Upande wa kurudi nikiona zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, nafungua bolti ya ethi na kutafuta msasa. Upande wa kwenda navumilia nusu volti, kwa kuwa njia ni ndefu. Ikifika volti moja na zaidi, pana mahali pabovu.

Kupatafuta si kazi ya kubomoa gari. Gawa njia katikati. Mkono wa kwanza wa mita ubaki kwenye betri, wa pili upeleke kwenye boksi la fyuzi, palipo na waya mweupe. Upotevu ukiwa mdogo hapo, kosa liko nyuma, kwenye viungio vya risasi. Ukiwa mkubwa, liko mbele, kwenye swichi au kwenye waya wa kahawia. Vipimo vichache vinakufikisha kwenye kiungio chenyewe. Kisafishe mpaka shaba ing'ae, na kama bomba limelegea libadilishe. Kulibana kwa koleo ni kujidanganya.

Katika MGB za miaka ya kwanza betri zilikuwa mbili za volti 6, zimeungwa pamoja kwa kebo. Kebo hiyo nayo ni kiungio, na husahaulika. Zaidi ya hayo, mpaka 1967 ncha iliyofungwa kwenye bodi ilikuwa chanya, kinyume cha magari yote ya leo. Pampu ya zamani yenye pointi na kondensa haijali umeme unaingilia upande gani. Lakini pampu mpya za elektroniki, na hata zile za pointi zilizowekewa diodi ya kuzima cheche, zinajali sana, na ukizigeuza umezitupa siku hiyo hiyo. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Nije kwenye ile dawa ya kale ya kuigonga pampu. Ni kweli, ukiigonga kwa mpini wa bisibisi mara nyingi inazinduka, na watu wanahitimisha kwamba pointi zimeungua. Inawezekana. Kila pointi zinapoachana koili inatema cheche, na kondensa ikifa cheche hiyo inazila taratibu. Hata hivyo, mkono ulioitikisa pampu umevitikisa na viungio vilivyo kando yake. Tikisa waya peke yake kwanza, pampu usiiguse. Ikizinduka, umepata jibu bila kufungua skrubu hata moja.

Njia nyingine ni kuipa pampu umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wa muda. Hapa nasisitiza usalama. Katika gari hili betri na pampu ni majirani, na kati yao pana petroli. Tumia waya mrefu wenye fyuzi na swichi yake, funga ncha zote mbili kwanza, kisha washa swichi ukiwa umesimama mbele ya gari, ili cheche itokee mbali. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Pampu ikilia kwa nguvu namna hiyo na ilikuwa ikisuasua kwa waya wake wa kawaida, kesi imekwisha: iache pampu, rudi kwenye nyaya.

Umeme ukiwa safi, sikiliza mlio, maana pampu hii inasema yenyewe inaumwa wapi. Ukifungua swichi, inapaswa kulia haraka, kupunguza, kisha kunyamaza kabureta zikijaa. Isipolia kabisa, na balbu yako iliwaka vizuri, basi ni pointi au diaframu iliyokakamaa. Ikilia polepole kama inayoinua mzigo, mbele pameziba: chomoa mpira wa kabureta, uelekeze kwenye chupa, uone kama inachangamka. Kwa dakika moja inapaswa kujaza nusu lita na kupita. Ikilia mbio bila kunyamaza na chupa inatoa mapovu, inanyonya hewa kwenye mpira au kiungio upande wa tangi. Angalia mipira hiyo kwa makini, hasa kama gari lilikaa Uingereza miaka ya karibuni. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida kule ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mipira ya zamani haiipendi.

Kuna na gari linalokwenda vizuri nusu saa, linazima, linapumzika kidogo, kisha linawaka kama hakuna kilichotokea. Kabla ya kulaumu joto, fungua kifuniko cha tangi pale pale linapozima. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, tundu la kupumulia tangi limeziba, na pampu ilikuwa ikivutana na ombwe.

Mwisho, ongeza fyuzi. Waya mweupe usio na fyuzi ukikwaruzwa chini ya gari na kugusa bodi, hakuna cha kuuzuia usiunguze na nyaya zote zilizofungwa nao mpaka kwenye dashibodi. Fyuzi ya ampea 10 iwekwe baada ya tawi linalokwenda kwenye koili ya plagi, upande wa pampu tu. Ikikatika, injini itaendelea kwa petroli iliyobaki kwenye kabureta, ya kutosha kulisogeza gari pembeni ya barabara.

Imebaki hali moja: pampu inayolia bila kukoma, haivuti hewa, na petroli inachuruzika kwenye kabureta. Hiyo pampu haina kosa. Petroli inapita kwenye sindano ya kabureta isiyofunga, na hapo ndipo tutakapoanzia sehemu ya nne.